Lupango safi, udongo uchi

Katika lupango nilimokulia, yaani kiwanja cha nyumbani, huko Katuba, mtaa wa mji wa Lubumbashi, Kongo, kuna mwembe ambao mizizi yake imesimama juu ya ardhi kama vidole vya mtu aliyeng'ang'ania kitu. Tulipokuwa watoto tulikalia mizizi hiyo tukila maembe, kila mtu na mzizi wake, tukidhani miembe huzaliwa hivyo. Siku moja fundi aliyekuja kutazama ufa wa ukutani alinionyesha jambo nililoliona maisha yangu yote bila kulielewa. Msingi wa nyumba, ambao marehemu baba aliufukia ardhini, sasa uko nje wote, na upande mmoja chini yake kuna uwazi wa kupitisha mkono. Mlangoni tulishaongeza ngazi moja, kisha ya pili. Nyumba haikupanda. Ardhi ndiyo imeshuka.

Imekwenda wapi? Sehemu imechukuliwa na mvua. Sehemu nyingine tumeifagia wenyewe, kila asubuhi, kwa zaidi ya miaka arobaini.

Najua ninagusa pabaya. Hapa Lubumbashi ufagio wa asubuhi ni heshima. Mama anaamka kabla ya jua, ananyunyiza maji kidogo kama yapo, anainama na ufagio wa vijiti, na kufikia saa kumi na mbili na nusu lupango nzima ina mistari mizuri kama nywele zilizochanwa. Mgeni akiingia anasoma mistari hiyo kwanza, kabla hajasalimiwa. Nkambo wangu, yaani mzazi wa mzazi wangu, alikuwa akisema, "Lupango ya majani njo lupango ya bantu bavivu." Nililelewa na kauli hiyo, na hadi leo nikiona jani limeota katikati ya uwanja mkono wangu unataka kuling'oa.

Lakini nimefikia mahali ambapo sikubaliani tena na nkambo. Katika mji huu, kwa udongo tulio nao na vumbi tunalopumua, lupango iliyofagiwa hadi ngozi ya ardhi ikaonekana ni lupango hatari, na mtoto anayetambaa ndiye wa kwanza kulipa. Tunapaswa kubadili maana ya neno "safi". Uwanja safi wa Lubumbashi ni ule ambao udongo wake hauonekani.

Kijijini kufagia kulikuwa na akili yake. Nyoka na nge walionekana mapema, moto wa jikoni haukurukia majani makavu, na udongo wenyewe haukuwa na ubaya wowote. Hata mtoto akiulamba, alilamba udongo tu. Tulipohamia mjini tulikuja na ufagio, lakini hatukuuliza udongo wa mji una nini ndani yake.

Una historia ndefu. Tanuri la Union Minière, kampuni ya madini ya enzi ya Wabelgiji, lilianza kuyeyusha shaba hapa mwaka 1911, mji wenyewe ukiwa na mwaka mmoja tu. Bomba lile refu la moshi na mlima mweusi wa mabaki ulio kando yake tumeviweka kwenye picha, kwenye kadi, kwenye nembo za maduka, kiasi kwamba tumesahau kwamba vilikuwa vitu vya kazi na vilitoa uchafu. Kwa miongo mingi moshi wenye salfa na chembe za madini ulishuka juu ya ardhi. Upepo wetu mkuu, hasa wa kiangazi, unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo mzigo mkubwa ulianguka upande wa kaskazini-magharibi, kuelekea Penga Penga. Huko miti ya miombo ilikufa, mvua ikabeba udongo wa juu uliobaki bila mizizi, na yakabaki maeneo ambapo hakuna kinachoota isipokuwa nyasi chache zilizozoea shaba. Mtu anayepita hapo anaweza kudhani ni uwanja uliofagiwa vizuri sana.

Shaba haiozi. Jani likianguka, baada ya mwaka halipo. Chembe ya shaba, ya kobalti au ya risasi iliyoanguka babu yako akiwa kijana bado ipo hapo ilipoangukia, au imehama na upepo hadi lupango nyingine. Na juu ya urithi huo wa zamani kumeongezeka migodi na viwanda vya leo, malori yanayopita na mizigo isiyofunikwa, na hata wale wanaojaza mashimo ya lupango zao kwa mawe na mchanga uliotoka kwenye mabaki ya mgodi kwa sababu ni bei rahisi. Hili la mwisho naomba liachwe leo hii. Ni afadhali shimo.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Célestin Banza, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa zaidi ya watu 300 wa Katanga, eneo letu hili la migodi. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodini au kiwandani walikuwa na kobalti mwilini kwa kiwango kilichokuwa kati ya vile vya juu kabisa kuwahi kuandikwa kwa watu wa kawaida, yaani watu ambao hawachimbi wala hawayeyushi chochote. Haikuwa kobalti peke yake. Arseniki, kadimiamu, risasi na urani navyo vilikuwa juu. Na kwa kobalti watoto walizidi watu wazima.

Kwa nini watoto? Mtoto yuko karibu na ardhi, anatia mkono mdomoni mara nyingi kuliko tunavyohesabu, na mwili wake ni mdogo. Watafiti haohao walipofuatilia njia ambazo madini yanaingilia mwilini walikuta kwamba mboga na chakula vina sehemu kubwa, lakini kwa watoto vumbi lina uzito wa pekee. Mwaka 2018 kundi hilo lilichapisha kazi nyingine kuhusu Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambao watu walichimba kobalti ndani ya lupango zao, chini ya vyumba vyao vya kulala. Huko nako vumbi la nyumbani lilikuwa limejaa madini, na damu na mkojo wa watoto vilionyesha hivyo. Kasulo ni mfano wa mwisho kabisa wa udongo uchi, maana pale uwanja wa nyumba uligeuzwa mgodi. Sisi wa Lubumbashi hatujafika huko, lakini kila asubuhi tunainua vumbi letu kwa mikono yetu.

Ukifagia ardhi tupu, changarawe na takataka huenda mbele ya ufagio. Chembe laini kabisa, ambazo ndizo hubeba sehemu kubwa ya madini na ndizo hupenya hadi ndani ya mapafu, huenda juu. Zinakaa hewani kwa muda, zinaingia dirishani, zinatua kwenye kitanda, kwenye sahani zilizoanikwa, kwenye bukari, ugali wetu, iliyoachwa bila kifuniko. Halafu mama, ambaye ndiye aliyefagia, amezipumua akiwa ameinama uso karibu na ardhi. Sisemi haya kumlaumu. Yeye ndiye anayeumia zaidi, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Miguu na ufagio pia vinaigandamiza ardhi ikawa kama sakafu. Mvua ya kwanza ya Oktoba au Novemba ikipiga hainywewi. Inateleza, inabeba unga mwekundu hadi kwenye mfereji, mfereji unaziba, na barabara inakuwa mto. Tukienda kuzibua mfereji siku ya salongo, siku ya usafi wa pamoja, tope tunalochota kwa sepetu limetoka kwenye lupango zetu wenyewe.

Nyasi zinazuia haya yote bila ufundi wowote. Majani yake yanapunguza kasi ya upepo pale juu ya ardhi, kwa hiyo vumbi halinyanyuki. Tone la mvua linapiga jani badala ya kupiga udongo. Mizizi inafunga chembe, na maji yanapata njia ya kushuka. Hata zikikauka Agosti zikawa rangi ya majani ya kuezekea, kazi hiyo inaendelea, maana mizizi bado imeshika.

Hili limejaribiwa hapahapa, mahali pagumu kuliko lupango ya yeyote kati yetu. Mylor Ngoy Shutcha na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walipanda nyasi za asili huko Penga Penga, kwenye udongo uliokufa kwa shaba, wakiongeza chokaa na mboji. Walianza na aina tatu, mojawapo ikiwa ukoka, nyasi ile inayotambaa ambayo kila mtu anaijua. Iliyong'ara zaidi ni nyasi fupi ya maeneo ya shaba, Microchloa altera, na waliendelea kuifuatilia kwa miaka. Nia yao haikuwa kunyonya shaba na kuisafisha ardhi, kazi ambayo ingechukua vizazi. Walitaka kuituliza pale ilipo, isiruke na upepo wala kubebwa na maji. Chokaa inapunguza uchachu wa udongo, na udongo ukipungua uchachu shaba inapungua kuyeyuka. Mboji inaishika shaba na kulisha nyasi. Ikiwa njia hiyo imeweza kuotesha kitu Penga Penga, mitaa yetu kama Katuba, Kenya au Ruashi haina kisingizio.

Najua neno gazoni, yaani uwanja wa nyasi zilizotunzwa, linawafikisha wengi kwenye picha nyingine. Élisabethville, jina la Lubumbashi enzi za wakoloni, ilikuwa na gazoni mjini, jakaranda barabarani, na watu weusi waliolipwa kidogo kuzikata na kuzimwagilia. Kwenye cité, mitaa ya watu weusi, ilikuwa udongo. Mpaka leo gazoni ya kijani mwezi wa Agosti inasema, "Hapa anakaa mtu mwenye kisima chake cha bomba." Mimi siitetei hiyo. Kumwaga maji juu ya nyasi mwezi ambao majirani wanapanga bidoni, madumu ya maji, kwenye foleni ni jambo la aibu, na nyasi zenyewe hazikuomba. Ukoka ukikosa maji unalala, mvua ikirudi unaamka. Mashauri mengi ya utunzaji wa uwanja tunayoyakuta yametoka nchi za mashine za petroli na mbolea za magunia, ambako tatizo ni kupunguza. Kwetu tatizo ni kuanza, na bahati nzuri kuanza kunahitaji vitu ambavyo tunavichoma kila jioni.

Nieleze tulivyofanya nyumbani, maana ndivyo ninavyojua kwa mikono. Tuligawa uwanja kwa jua. Palipo na jua kutwa tulipanda ukoka. Tulikata vipande vyenye vifundo viwili vitatu, tukavilaza kwenye vijifereji hatua moja ya mtoto kutoka kimoja hadi kingine, baada ya mvua mbili nzito kupita. Kabla ya hapo tulikwatua ardhi ile ngumu kwa jembe na kuchanganya mboji na chokaa kidogo, inayochomwa Kakontwe karibu na Likasi. Asiye na chokaa atumie majivu ya mbabula, yaani jiko la mkaa, kiganja kwa kiganja, yakiwa ya makala (mkaa) matupu, bila plastiki iliyotumika kuwashia moto. Watoto walizuiwa kwa kamba na maneno makali karibu miezi miwili. Ndiyo sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Chini ya mwembe ukoka haukubali, unataka jua. Nilipoteza msimu mmoja nikilazimisha. Halafu nikaona kwamba mwembe unajitengenezea blanketi lake kila mwaka na sisi tunalichoma. Sasa majani yanabaki yanapoangukia, unene wa vidole vinne hivi, yakiwa yameachana kidogo na shina ili lisioze. Yanayozidi yanaingia shimo la mboji pamoja na maganda ya mihogo na ndizi, mabua ya lengalenga (mchicha) na mavi ya kuku, kikavu na kibichi kwa zamu. Wakati wa mvua shimo linaiva kwa miezi mitatu au minne. Zile jioni za moshi mtaani, kila lupango na rundo lake la majani na mifuko ya plastiki, watoto wanakohoa na tunasema ni baridi ya Juni, kwetu zimekwisha.

Palipo na njia ya miguu, kutoka mlangoni hadi getini na hadi chooni, tuliweka vipande vya matofali ya kuchoma. Nyasi hazivumilii kukanyagwa mahali pamoja kila saa, na ukizilazimisha unarudi kwenye udongo. Ukoka una tabia mbaya pia, niseme wazi. Unavamia. Usipouwekea mpaka wa matofali yaliyozikwa, mwaka wa pili utaukuta katikati ya matembele.

Kukata, tunatumia fyekeo, na hatukati hadi chini. Nyasi ya urefu wa vidole vitatu inafunika vizuri, mizizi yake inakwenda mbali, na magugu hayapati mwanga. Majani yaliyokatwa tunayaacha palepale yarudishe rutuba. Mbolea ya dukani hatujawahi kununua.

Kuna kitu kimoja kinachonikasirisha kuliko vyote, na ni ile desturi ya kumwaga oili chafu ya gari kuua majani na mchwa. Nimeiona kwenye lupango za watu waliosoma. Wengi wetu tuna kisima cha kuchimbwa kwa mkono ndani ya lupango hiyohiyo. Oili ile ina madini ya injini na sumu nyingine, haishii juu, na mtu anayeimwaga asubuhi anachota maji ya kunywa jioni mita chache tu kutoka hapo. Dawa za kuua magugu zinazouzwa zikiwa zimemiminwa kwenye chupa za maji, bila maandishi, nazo sizigusi.

Wenye uwezo wanakimbilia saruji. Kweli saruji inazuia vumbi lako, na palipo na gari au kibanda cha biashara ina haki yake. Lakini lupango iliyomwagwa saruji ukuta hadi ukuta inatuma maji yake yote kwa jirani aliye bondeni, na adhuhuri ya Oktoba inawaka kama sufuria. Tena saruji nayo inafagiwa ikiwa kavu. Ioshwe au ipanguswe kwa kitambaa chenye maji.

Hoja ya nyoka naisikia, na siwezi kuipuuza kwa kuwa nimewahi kumuua mmoja mimi mwenyewe. Nyoka anajificha kwenye majani marefu, kwenye rundo la matofali na kwenye mashimo ya panya. Kwenye nyasi fupi unamwona. Kuhusu mbu, mayai yao yanataka maji yaliyosimama. Tazama kwanza tairi kuukuu, ndoo iliyopasuka na dimbwi lililoko kwenye ardhi iliyogandamizwa, ambalo nyasi zingelinywa.

Hoja ninayoiona nzito zaidi ni ya wapangaji. Lupango moja ina familia nne au tano, uwanja ni wa wote, kwa hiyo si wa mtu. Mpangaji anajiuliza kwa nini apande nyasi katika lupango ambayo anaweza kufukuzwa mwezi ujao, na mwenye nyumba anakaa mbali. Hapo sidhani kama mashauri yangu yanatosha. Lakini watoto wa familia zote tano wanacheza kwenye vumbi moja, na akina mama wale wanaogawana zamu za kufagia wanaweza kugawana zamu za kulinda kipande kimoja tu, kile ambacho watoto wadogo wanakaa. Mita nne kwa nne za ukoka mbele ya mlango zinabadilisha kinachoingia ndani.

Na niongeze hili kwa sauti, lisije likageuzwa. Nyasi zangu hazimpi mwenye kiwanda ruhusa ya kuchafua. Anayetoa vumbi ndiye anayepaswa kulizuia, malori yafunikwe, barabara za migodi zimwagiliwe maji, na serikali ipime udongo wa mitaa iliyo karibu na viwanda na kuwaambia wenyeji matokeo kwa lugha wanayoielewa. Tuna Kanuni ya Madini iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2018, na wajibu wa wachimbaji kwa mazingira umeandikwa humo. Kuidai ni kazi ya miaka. Mtoto wa jirani yangu ana miezi tisa na ameanza kutambaa mwezi huu.

Mboga nazo zinahitaji neno. Asiye na uhakika na udongo wake apande lengalenga na chainizi kwenye matuta yaliyoinuliwa kwa mboji na udongo wa kichuguu uliotoka mbali na migodi. Vichuguu vyetu vikubwa vya Katanga vina udongo usio na uchachu mwingi, wenye kalsiamu kuliko ardhi inayovizunguka, na wakulima wa hapa wamelijua hilo siku nyingi. Majani yaoshwe maji mara tatu, maana sehemu ya madini imekaa juu kama vumbi tu.

Mama yangu alichukua misimu miwili kukubali. Msimu wa kwanza alikuwa akitoka na ufagio wake asubuhi, anasimama ukingoni mwa ukoka, ananitazama. Nadhani aliona nimemnyang'anya kitu. Mwishowe tulikubaliana kwamba njia ya matofali ni yake. Anainyunyizia maji kwanza, anaifagia kutoka mlangoni hadi getini, na mchanga unaobaki kwenye nyufa anauchota kwa sepetu na kuutupa kwenye shimo la taka badala ya kuusukumia barabarani. Inamchukua dakika kumi. Kisha anakaa kwenye mzizi wa mwembe, ule uliokuwa wangu, ambao sasa majani yameufunika karibu nusu.